Mikato Mitatu Nyuma ya Shingo

Harufu ya vanishi mbichi ikinifikia popote nilipo, hata kanisani penye mabenchi yaliyotoka kupakwa, kidole gumba cha mkono wangu wa kushoto huanza kupapasa. Hakitumwi. Kinatafuta kitu ambacho nilikiziba mwenyewe nikiwa na miaka kumi na miwili, katika chumba cha uani Kichangani, masika yale kiwanda cha nguo kilipouzwa. Masika ya Morogoro huanzia mlimani. Asubuhi Uluguru upo, mabonde yake unayahesabu moja moja. Kufikia saa nne umefutwa kama ubao wa darasani, na wanawake wanaoshuka na vikapu vya karoti na njegere wanaingia sokoni wakiwa wamelowa kabla mjini hakujadondoka tone. Mwaka ule unyevu uliingia kila mahali. Chumvi iliyeyuka ndani ya kopo, madaftari yalijikunja pembe, na vanishi, ambayo niliambiwa hukauka kwa siku moja, ilinata siku nzima na nyingine kama ulimbo wa kutegea ndege. Na katikati ya chumba, likining'inia kwenye boriti kwa kamba ya katani, palikuwa na gitaa la besi la Mama Mkubwa, halina nyuzi, halina vifungo vya kukazia nyuzi, uchi kama kuku aliyenyonyolewa. Mimi ndiye niliyelinyonyoa.

Mama Mkubwa Felista alikuwa dada wa mama yangu. Kwetu Waluguru ukoo hufuata mama, na dada wa mama ni mama, hakuna maelezo zaidi. Mama mzazi alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa kule Turiani, na kwa ajili ya shule mimi nililelewa Morogoro, kwa huyu mkubwa wake ambaye hakuwa na mtoto ila alikuwa na besi. Mchana alisimamia mashine za kufuma pale kiwandani. Jioni na sikukuu alipiga gitaa katika bendi ya wanawake ya kiwanda hichohicho. Siku hizo shirika lisilo na bendi lilikuwa kama harusi isiyo na pilau. Viwanda vilikuwa na timu za mpira, kwaya na bendi, na wafumaji waliochaguliwa walitolewa zamu ili wakafanye mazoezi. Mama Mkubwa alichaguliwa, alikuwa akisema, kwa sababu alikuwa mrefu na gitaa lenyewe zito. Lilitoka nchi moja ya kijamaa huko Ulaya, likiwa limefungwa kwenye sanduku la mbao pamoja na vipuri vya mashine. Hakuna aliyemfundisha kulipiga. Aliwekewa mkononi, akaonyeshwa jukwaa.

Basi kiwanda kilipouzwa, mwenye mali mpya alitaka mashine na majengo, hakutaka ngoma wala magitaa. Meneja anayeondoka aliwaambia wanamuziki kila mmoja achukue alichokuwa akikipiga. Mama Mkubwa alirudi nyumbani na besi begani, imefunikwa kanga kwa ajili ya mvua, akaiegemeza ukutani, akalala usingizi wa mchana kutwa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Madukani palijaa sabuni za kila rangi ambazo tulizoea kuzisikia tu, mitumba ilimwagwa chini Sabasaba, na kwenye vibanda vya kanda kulisikika muziki uliopigwa na kinanda kimoja cha umeme chenye ngoma zote ndani yake. Vitu vilikuja kwa wingi, ila kazi zilipungua. Mama Mkubwa aliniambia bila kuzunguka: asipopata pa kupiga kabla masika hayajaisha, atarudi Matombo, mlimani, kwa bibi, akalime maharage, mimi nitarudi Turiani kwa mama. Alilisema hilo akichambua mchele, kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Mimi nilitoka nje nikakaa chooni hadi nikamaliza kulia.

Pa kupiga pakatokea. Mfanyabiashara mmoja alifungua hoteli njia ya kwenda Bigwa, ina bustani na miavuli, na alitaka bendi ya dansi la mchana kila Jumapili. Habari hiyo ililetwa na Mama Zainabu, mpiga ngoma wa ile bendi ya kiwanda, mwanamke wa Kigoma mwenye mikono kama mchi na mdomo usiopoa. Alikuwa ameshawakusanya wenzake watatu, ilibaki besi. Walipangiwa kujaribiwa Jumamosi ya wiki ya pili, saa nane mchana.

"Ila shoga," alisema, akiligusa gitaa kwa ncha ya kidole, "yule bwana kasema wanamuziki anawataka, lakini chombo kilichobanduka kama ukuta wa mahabusu hakitaki mbele ya wageni wake. Na hili lako, samahani, linatisha watoto."

"Halitishi mtu," Mama Mkubwa alijibu. "Wewe mwenyewe unatisha, na wanakuajiri."

Wakacheka sana. Lakini Mama Zainabu alipoondoka, Mama Mkubwa alilitazama gitaa lake kwa muda mrefu. Rangi yake nyekundu ilikuwa imefifia ikawa ya ugoro, imemenyeka pale mkono unapoegemea, na pembeni palikuwa na namba ya mali ya kiwanda iliyoandikwa kwa rangi nyeupe. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikasema, kabla sijajua kwamba nasema: "Mama Mkubwa, nitalipaka mimi."

Lazima nieleze nilikuwa mtoto wa namna gani. Nilikuwa mtoto anayechana ukurasa mzima wa daftari kwa sababu herufi moja imekaa vibaya. Nikifagia uwanja, mtu akipita juu ya alama za ufagio nilifagia upya. Nilipanga viatu mlangoni, na usiponiona, nilipanga na vya wageni. Watu waliniita mtoto safi, wakadhani ni tabia njema. Haikuwa tabia njema, ilikuwa hofu. Niliamini kwamba kitu kikikosewa mahali padogo, kile kikubwa kilicho nyuma yake kitaanguka, na kosa litakuwa langu. Mwaka ule kikubwa kilikuwa kinaanguka kweli, nami sikuwa na cha kushika isipokuwa gitaa. Nilijiambia kwamba likitoka kamili, bila doa, Mama Mkubwa atapata kazi, naye atabaki, nami nitabaki. Nililiamini hilo kama Baba Yetu.

Mama Mkubwa alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Bibi alikuwa mgonjwa kule Matombo na ilibidi apande akamwangalie kwa siku tano. "Ling'arishe," aliniambia akifunga mzigo, "nyuzi zitunze, nikirudi nitazichemsha." Hayo tu. Hakusema paka hapa, usiguse pale. Nami sikuuliza, kwa kuwa anayeuliza ni asiyejua.

Nilikwenda kwa Fundi Shabani, seremala wa karibu na hospitali. Alitengeneza makabati, lakini riziki yake hasa ilikuwa majeneza, na majeneza yake yaling'aa hadi ukajiona uso. Nilikuwa nimeshamchungulia siku nyingi nikitoka shule.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Nataka kujua unavyopiga vanishi."

Alinitazama, akaweka randa chini. "Unataka king'ae kama kabati au kama jeneza la tajiri?"

"Kama la tajiri."

"Hapo utalia jasho," alisema, lakini alinionyesha. Msasa wa kukwaruza, halafu wa kati, halafu ule laini ambao ukiupitisha shavuni hauumi. Siku zote fuata mkondo wa mbao, usiukate. Futa vumbi kwa kitambaa chenye thina, ile ya kulegezea rangi. Paka nyembamba, acha ikauke, piga msasa laini, paka tena. Penye shimo changanya vumbi la mbao na gundi, shindilia, subiri, sawazisha. Alinipa nusu chupa ya vanishi na mabaki ya msasa, akakataa kushukuriwa. "Ukiharibu," alisema, "usiseme ulijifunza kwangu. Wateja wangu hawajawahi kulalamika."

Nilifungua gitaa kama daktari. Kila skrubu niliichora kwenye daftari la hesabu, mahali ilipotoka na upande uliokuwa umeelekea mdomo wake, nikazitia ndani ya kopo la siagi. Nyuzi nne nilizizungusha, nikazifunga kwa uzi. Shingo ilishikwa na skrubu nne. Ilipoachana na mwili ilitoa mlio kama mtu anayevuliwa kiatu kilichombana. Ubao wa mbele wa shingo, wenye vile vyuma vya kugawia sauti, niliufunika kwa gazeti. Kisha nikaanza kusugua. Chini ya nyekundu nikakuta kijani, chini ya kijani rangi ya maziwa, na chini ya maziwa mbao yenyewe, ya njano, yenye mistari mizuri kama maji ya mto yanapopita juu ya mchanga. Hapo nikaamua kwamba rangi yoyote ingekuwa dhambi. Ningelipaka vanishi tupu. Nilisugua siku mbili, natoka shule napitiliza chumbani, vumbi jekundu likanijaa puani hadi nikawa napenga kama mtu wa machimbo.

Siku ya pili nikafika kwenye shingo, upande wa nyuma. Hakuna anayeona nyuma ya shingo ya gitaa. Mpigaji anaikumbatia, hadhira inaona mbele. Lakini mimi nilijua ipo, na hilo lilitosha kuninyima raha. Ilikuwa laini kwa kushikwa, imekolea jasho, ila kando yake, pale kidole gumba kinapopita, palikuwa na mikato mitatu. Mmoja ulikuwa nyuma ya chuma cha tatu, mwingine cha saba, mwingine cha kumi. Haikuwa mirefu, kila mmoja kama ukucha wa kidole kidogo, na ilikuwa na kina kiasi kwamba msasa haukuifikia. Nilidhani ni panya, au ni ule usafiri wa kwenye sanduku la vipuri. Ukutani kwa darasa letu mwalimu alikuwa ameandika kwa chaki ya rangi: Usipoziba ufa utajenga ukuta. Niliyatamka maneno hayo kwa sauti, peke yangu, nikichanganya vumbi la mbao na gundi kwenye kifuniko cha chupa. Niliishindilia mikato ile kwa ncha ya kisu, nikaisubiri, nikaisawazisha kwa msasa laini, halafu nikafumba macho na kupitisha kidole. Hakikukwama popote. Katika kazi yote ile, hapo ndipo nilipojivunia zaidi. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu bado inanichoma.

Vanishi ilinipa tabu ya mvua niliyoitaja. Mdudu mmoja alitua juu ya mwili, akanasa. Nilisugua sehemu nzima nikapaka upya. Unywele wangu ukaanguka, nikasugua, nikapaka. Niliweka jiko la mkaa pembeni, mbali kidogo, nikafunga mlango na kukaa nje kama mlinzi wa mwali, nikiwafukuza watoto wa jirani wasipite na vumbi. Alhamisi nilirudisha kila skrubu upande wake kwa kufuata daftari. Gitaa lilikuwa la asali. Ukilisogeza kwenye mwanga wa dirisha, mistari ya mbao ilitembea ndani yake.

Mama Mkubwa alifika Alhamisi hiyo alasiri, matope hadi magotini, na mkungu wa ndizi kichwani. Alitua mzigo, akalitazama, akakaa chini sakafuni bila kutandika kitu. "Vero," alisema. "Vero, mwanangu." Kisha akainuka, akatia nyuzi ndani ya sufuria pamoja na sabuni kidogo akazichemsha uani, kama wapigaji wa siku zile walivyofanya ili nyuzi zilizokufa zipate sauti tena. Jirani alichungulia juu ya ua akauliza leo mnapika nini. "Supu ya nyuzi," akajibu, "leta bakuli." Nilicheka hadi nikashika ukuta. Nilikuwa na furaha ambayo sijaipata mara nyingi.

Alizifunga nyuzi, akachomeka waya kwenye ile redio kubwa ya mbao aliyokuwa ameigeuza amplifaya, akaanza kupiga. Na akakosea. Alirudia, akakosea palepale, kwenye kuruka kutoka chini ya shingo kwenda katikati. Kidole gumba chake nilikiona: kilitelemka juu ya vanishi yangu, kikapita, kikarudi, kama mtu anayetafuta swichi kwenye ukuta wa nyumba ya watu. Aliligeuza gitaa. Akatazama nyuma ya shingo. Akapitisha kidole mara moja, polepole. Mimi nilikuwa mlangoni, nikingoja kusifiwa kwa pale palipoziba vizuri.

"Hewa ya mlimani imenilegeza vidole," alisema, akalirudisha mbele.

Ijumaa Mama Zainabu alikuja wafanye mazoezi, akipiga kwa vijiti juu ya kiti cha mbao. Alilisifu gitaa kwa kelele, akaniita fundi, akanipa andazi. Kisha wakaanza, na dakika chache baadaye alisimamisha vijiti. "Felista! Mbona unatazama mikono? Leo unamenya viazi?"

Mama Mkubwa alicheka kidogo bila kuinua kichwa.

"Wewe Vero hujui," Mama Zainabu aliniambia. "Mwalimu wetu wa maonyesho kiwandani, wa kutufundisha kusimama jukwaani, alikuwa na mdomo mchafu. Alisema mwanamke akisimama jukwaani na kutazama mikono yake, watu wanamwona yuko jikoni anamenya viazi. Tazameni watu, chekeni na watu! Sisi wengine tulilia. Huyu mama yako alichukua wembe wa kukatia nyuzi za kitambaa pale kiwandani, akachanja gitaa la shirika nyuma ya shingo, alama tatu, ili kidole kijue kilipo naye atazame watu. Mali ya umma hiyo! Wangemfunga. Mwambie akuonyeshe."

Nilihisi andazi likigeuka udongo mdomoni. Nilimtazama Mama Mkubwa, naye akanitazama, mara moja tu.

"Zipo," alimwambia Mama Zainabu. "Alama zipo. Mimi ndiye niliyechoka. Tuendelee."

Alidanganya kwa ajili yangu, mbele yangu, bila kupepesa. Ningeweza kusema palepale. Ilikuwa Ijumaa saa tisa, muda ulikuwepo. Nilichofanya ni kwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nilijiambia ataizoea shingo mpya. Nilijiambia mtu anayejua kupiga hahitaji alama. Kuna jambo baya zaidi, ambalo sikuwahi kumwambia mtu hadi nilipokuwa mkubwa: nilipofikiria kuchukua kisu na kuikata ile vanishi, niliihurumia vanishi kwanza, ndipo yeye. Jioni alifanya mazoezi peke yake, amezima redio ili nisisikie anavyokosea. Lakini nyuzi nene hazihitaji umeme ili zisikike ukutani.

Jumamosi asubuhi nilimkuta uani anachambua mboga. Gitaa lilikuwa limelala juu ya meza, limefunikwa kanga mpya. Nilikuwa nimekishika kisu cha jikoni. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri, yalitoka mawili.

"Niliziba mimi."

"Najua."

"Nilidhani panya."

Hapo alicheka, cheko la kweli, akajifuta macho kwa mkono wenye majani. "Panya gani anajua kuhesabu mpaka tatu, saba na kumi?" Kisha akaweka mboga chini. "Nilijua tangu juzi, Vero. Lakini uliifanya kazi hii kama ya kiwandani, ile ya zamani, ya kwenda nje ya nchi. Mkono wangu haukutaka kuichanja."

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Alikuwa tayari kwenda kukosea mbele ya mwenye hoteli na kupanda Matombo na jembe, kuliko kuharibu vanishi ya mtoto wa miaka kumi na miwili. Na huyo mtoto alikuwa karibu kumwacha aende hivyo. Nilimpa kisu. Alikitazama, akanirudishia.

"Kata wewe. Mikato hiyo uliiziba mwenyewe, uifungue mwenyewe."

Aliketi kwenye kigoda, akalipakata gitaa kama anavyolipakata akipiga, akafumba macho. Mkono wake ulikwenda ulikozoea, kidole kikasimama. "Hapa." Niliweka alama kwa penseli, akainua kidole, nikakata. Ncha ya kisu ilipoingia, vanishi ilipasuka kwa mlio mdogo kama ganda la yai, na ukungu mweupe ukatambaa pembeni ya jeraha. Niliuona mkato ule ukiwa mkubwa kama mlango. "Wa pili. Hapa." Nikakata. Machozi yalinijaa, nikaona shingo mbili badala ya moja. Wa tatu ulikuwa pale penye kiraka kizuri kuliko vyote, mahali nilipopitisha kidole nikiwa nimefumba macho. Kisu kiliteleza. Kilichimba mbele zaidi ya alama, upana wa punje ya mchele, na kikaburuza mstari mrefu hadi karibu na chuma kinachofuata. Mama Mkubwa alifumbua macho, akaweka kidole, akakisogeza mbele na nyuma.

"Umekaa mbele kidogo," alisema. "Basi nami nitakaa nyuma yake kidogo. Kalete kiatu changu cha jukwaani, muda umekwenda."

Hotelini kulikuwa na miavuli yenye maji ya mvua juu yake. Mwenye hoteli alikaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu. Aliyatazama magitaa kwa mbele tu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema hilo la rangi ya asali ni zuri, limetoka wapi? "Limetoka kwa mwanangu," Mama Mkubwa alijibu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi, nimebana mikono kati ya magoti. Walipiga nyimbo tatu. Katika wimbo wa kwanza alitazama chini mara moja. Wa pili hakutazama kabisa. Katika wa tatu alikuwa akiwatazama wahudumu waliosimama na sinia zao, anawachekea, bega linacheza, na mmoja wao aliweka sinia chini akaanza kucheza hadi alipokumbuka tajiri yupo. Mara moja tu, kwenye mruko wa mwisho, besi ilikwaruza, kama mtu aliyejikwaa akajiweka sawa. Nililijua kosa hilo ni la nani. Hakuna mwingine aliyelisikia, isipokuwa Mama Zainabu, ambaye alipiga ngoma kwa nguvu zaidi kulifunika.

Walichukuliwa. Walipiga kila Jumapili, masika yakaisha, kiangazi kikapita, hadi mvua za vuli, nami nikamaliza mwaka wangu wa shule Morogoro. Kisha mwenye hoteli akanunua kinanda cha umeme kinachojipigia ngoma na besi chenyewe, pamoja na kijana mmoja wa kukibonyeza. Hakugombana na mtu. Aliwapa soda, akawashukuru. Mama Mkubwa alipanda Matombo na nguo zake, nami nikarudi Turiani na gitaa, ambalo alinipa. Kwa muda nilifikiri basi yote ilikuwa bure, aibu ile na kisu kile. Sifikiri hivyo tena, ingawa siwezi kusema ilikuwa ya faida gani. Tulipata Jumapili zile. Nilizihudhuria karibu zote.

Sasa nina chumba cha kazi Mji Mpya, hapa Morogoro, na ninaishi kwa kupaka, kurekebisha na kubadilisha magitaa, mengi ya kwaya za makanisa. Sikufundishwa na mtu zaidi ya Fundi Shabani na makosa yangu. Bado sijapona, kazi ya siku mbili naifanya kwa sita, na wateja wanajua. Nina desturi moja ambayo wanaiona ni kichekesho: kabla sijashika msasa namwomba mwenye gitaa alipige huku mimi nikitazama mkono wake, si chombo. Juzi kijana mmoja mwanafunzi wa Mzumbe alileta besi mpya kabisa, inameta, harufu ya sanduku bado imo, akaniomba niichubue na kuikwaruza ionekane imepigwa miaka ishirini. Ndiyo mtindo, aliniambia, nje watu wanalipia. Nilijiona mtoto mbele ya kopo la siagi, nikiwa na hamu ya kufuta kila doa ili kitu kionekane hakijawahi kushikwa. Huyu anataka kinyume, na sote wawili tunatafuta njia ya mkato. Nilimwambia mwili wa gitaa nitauchubua atakavyo, ni kazi na mimi nakula kwa kazi. Nyuma ya shingo nikamwambia sigusi. Akauliza kwa nini, na huku nyuma hakuonekani? Nikasema ndiyo maana.

Mama Mkubwa alishuka mwezi uliopita kutibiwa macho, ambayo sasa yana ukungu kama Uluguru wa saa nne. Besi yake ninayo, imening'inia ukutani. Vanishi yangu imekuwa ya kahawia, imechakaa pale mkono unapoegemea, na nina zana za kuziba ule mkato wa tatu hata nikiulizwa leo wapi ulikuwa nisiweze kuonyesha. Sijauziba. Nilijifunzia kupiga juu yake, na nikipiga besi ya mtu mwingine kidole changu hukaa mbele upana wa punje ya mchele, nikakosea. Nilimpakatisha gitaa. Aliketi wima, akalitafuta, mkono ukapanda shingoni wenyewe: mkato wa kwanza, wa pili. Kwenye wa tatu kidole kilisimama, kikazunguka ukingo wake, kikafuata ule mstari mrefu hadi mwisho.

"Hapa ulikuwa unalia," alisema, akakisogeza kidole nyuma kidogo, akaendelea kupiga.